Mkufunzi mkali na ratiba nzito: jinsi ya kuumaliza muhula chuo cha uuguzi Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uuguzi na ukunga aliyeko Mbeya, Tukuyu, Mbozi, Ilembula, Tosamaganga au chuo kingine chochote cha huku kwetu, anayesoma astashahada au stashahada, na ambaye kila akiona jina la mkufunzi fulani kwenye ratiba tumbo linamkata. Mimi ni muuguzi wa wodini na kila rotesheni, yaani kipindi cha mafunzo ya vitendo wodini, napokea wanafunzi. Nawaona wakiingia zamu ya asubuhi macho mekundu, wameandika asaimenti hadi saa 8 usiku. Nimewaona pia waliofungasha mabegi wakarudi kwao, na uwezo wa kusoma walikuwa nao. Wengi wao walichanganya mambo mawili, mzigo wa kazi na hofu ya mtu, mpaka ikawa hawajui wanalia kwa lipi. Tuyatenganishe, kwa sababu kila moja lina njia yake.

Hatua ya kwanza: jua ukali wake ni wa aina gani

Kabla hujasema "huyu mwalimu ananichukia", chukua daftari dogo na kwa wiki 2 andika kila tukio: siku, saa, mahali, maneno aliyoyasema, na wewe ulikuwa unafanya nini wakati huo. Andika kilichotokea tu. "Jumanne, saa 3 asubuhi, wodi ya watoto, alisema 'rudi hosteli ukasome' baada ya mimi kushindwa kutaja dozi." Basi. Hasira na machozi yako mweleze rafiki. Daftari hili libaki na matukio, maana huenda ukalihitaji baadaye.

Baada ya wiki 2 lisome. Utakuta mmoja kati ya watu wanne.

Wa kwanza ni mkali wa kazi. Huyu ndiye tunayekutana naye zaidi, na nitamtetea. Chukua mama mwenye kifafa cha mimba aliyewekwa kwenye magnesiamu salfeti. Kabla ya dozi inayofuata, muuguzi anatakiwa ahesabu pumzi za mama na zisiwe chini ya 16 kwa dakika, agonge goti aone kama mguu unaitikia, aangalie mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa, na ahakikishe kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzima magnesiamu ikizidi, iko karibu. Mwanafunzi akikadiria pumzi kwa macho, dawa ileile inayomkinga mama na degedege inaweza kumkata pumzi. Mkufunzi anayelijua hilo hatakuongelesha kwa upole siku atakapokukuta umeandika pumzi 20 kwenye chati bila kushika saa. Kipimo chake ni hiki: je, anamkaripia kila aliyekosea jambo lilelile, hata yule kipenzi chake? Kama ndiyo, huyu ni mwalimu wako hasa. Maneno yake makali yana somo ndani, na miaka michache ijayo, ukiwa peke yako zamu ya usiku, utayafanyia kazi.

Wa pili hana mpangilio. Anabadilisha tarehe ya jaribio usiku, anatoa asaimenti Ijumaa anaitaka Jumatatu, anaingia darasani bila notisi kisha anatunga maswali ya sura ambayo hajaifundisha. Huyu haoneshi chuki na mtu. Tiba yake ni maandishi na kiongozi wa darasa, nitaeleza mbele.

Wa tatu anadhalilisha. Anakutukana mbele ya mgonjwa, anataja kabila lako, kwenu, umbo lako, au ajali uliyowahi kuipata maishani. Hapo hakuna somo la uuguzi linalofundishwa, na usikubali mtu akuambie "hata sisi tulipitia hayo". Waliopita humo wakanyamaza ndio wengine wanaowatukana wajawazito leo leba.

Wa nne anataka kitu chako ili akupe alama. Huyo nimemtengea sehemu yake.

Hatua ya pili: mzigo wote kwenye karatasi moja

Jumapili jioni, kabla ya kulala, chora siku 7 kwenye karatasi. Jaza kwanza yasiyohamishika: vipindi, zamu za wodini, ibada, siku ya kufua. Kisha majaribio na tarehe za kukusanya kazi. Mwisho, prosija, yaani kazi za vitendo za wodini, unazotakiwa kusainiwa kabla rotesheni haijaisha. Ukimaliza utaona nafasi nyeupe zilizobaki. Mtu aliyeingia wodini saa 1:30 asubuhi akatoka saa 8 mchana, akala, akapumzika kidogo, anabaki na saa 3 au 4 za kusoma kwa akili inayofanya kazi. Panga kwa saa hizo tu. Ukipanga saa 8 za kusoma baada ya zamu, kufika Jumatano ratiba imeshakufa na wewe umeanza kujiona mzembe.

Sasa gawa saa zako kufuatana na uzito wa alama. Omba mwongozo wa moduli na usome ukurasa wa tathmini, ambao wanafunzi wengi hawaufungui mpaka matokeo yatoke. Tuseme kosiweki ya moduli, yaani alama za kazi na majaribio ya ndani ya muhula, ni alama 40, na ndani yake asaimenti ni alama 5 na jaribio la pili ni alama 15. Nimeona watu wakikesha siku 2 wakipamba jalada la ile asaimenti ya alama 5, wanatafuta picha za rangi za moyo, halafu wanaingia kwenye jaribio la 15 hawajafungua daftari. Asaimenti hiyo ipe jioni moja. Iandike safi, ikusanye, sahau.

Uliza pia mapema kama mtihani wa mwisho wa muhula unatungwa na mkufunzi huyohuyo au unatoka nje ya chuo. Ukitoka nje, mtaala ndio wa kuushika, na yale anayopenda kuuliza yeye yatakusaidia kwenye majaribio yake tu. Huu mfumo wa ngazi ya 4, 5 na 6 tunaousoma uko chini ya NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi nchini, na kila moduli ina malengo yaliyoandikwa. Yapate, yabandike ukutani juu ya kitanda, yapige mstari moja moja.

Kazi za kikundi zinakula muda kuliko kitu kingine chochote. Siku ya kwanza gawaneni vipengele kwa majina, kwa maandishi, kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na siku ya kukutana. Asiyefanya sehemu yake, jina lake lionekane kwenye mgawo ule. Mkufunzi akiuliza swali wakati wa kuwasilisha, ajibu mwenye kipengele.

Hatua ya tatu: soma ukiwa wodini

Hapa ndipo mzigo unapopungua kweli, na ndipo wanafunzi wengi wanapopoteza muda. Wanasimama karibu na meza ya wauguzi wakisubiri kutumwa, wakirudi hosteli wanaanza kusoma upya kitu ambacho mchana kilikuwa kimelala mbele yao kitandani.

Kila zamu chagua mgonjwa mmoja. Mwombe inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, ruhusa: "Sista, naomba leo nimfuatilie huyu mama wa kitanda cha 6 tangu mwanzo hadi mwisho wa zamu." Sijawahi kuona inchaji akikataa ombi la namna hiyo, na mimi nalipenda. Msalimie mgonjwa na ujitambulishe kuwa ni mwanafunzi. Kisha pita naye zile hatua 5 za mchakato wa uuguzi: kusanya taarifa, tambua tatizo la kiuuguzi, panga, tekeleza, tathmini. Andika kwenye kijitabu cha mfukoni ukiwa palepale, usingoje jioni.

Ukipangiwa wodi ya wazazi, tuseme hospitali ya Meta pale Mbeya, chagua mama aliyeanza uchungu na ukae na patografu yake, ile chati ya kufuatilia uchungu. Sikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Weka mkono tumboni, shika saa, hesabu maumivu yanayokuja ndani ya dakika 10 na kila moja linadumu sekunde ngapi. Jaza kipimo palepale. Njia ya uzazi ikipimwa tena baada ya saa 4, tazama alama ya pili imeangukia wapi kwenye chati, na jiulize mstari unapanda au umelala. Ukikaa na mama huyo hadi ajifungue, sura nzima ya kitabu imeingia kichwani na usiku huo unaweza kulala. Na mkufunzi akija raundi akakuuliza ghafla, una mtu wa kumfikiria badala ya ukurasa.

Hao wakufunzi wakali swali lao ni moja: "Kwa nini?" Kwa nini umemlaza ubavu wa kushoto? Kwa nini umeinua kichwa cha kitanda? Kwa nini unampa maji kwanza kabla ya dawa? Kwa hiyo kila unachokiandika kwenye kijitabu, mbele yake andika sababu yake kwa mstari mmoja. Ukijizoesha hivyo kwa mwezi mmoja, maswali ya raundi yatakuwa umeshajiuliza mwenyewe.

Kama umetoka Pwani au Kanda ya Ziwa, jifunze salamu za hapa. Bibi wa Rungwe akiambiwa "ugonile" na mwanafunzi aliyevaa sare, anafungua moyo na kueleza ugonjwa wake vizuri. Iringa na Njombe ni "kamwene". Taarifa nzuri za mgonjwa zinaanzia hapo, na mkufunzi anayepita anakuona unavyoongea na watu.

Hatua ya nne: usiku, jiulize, usirudie kusoma tu

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walionesha jambo ambalo kila mwanafunzi wa uuguzi anapaswa kulijua. Waliorudia kusoma maandishi yaleyale walikumbuka zaidi baada ya dakika 5. Lakini baada ya wiki moja, waliojipima kwa kuandika wanachokumbuka bila kuangalia ndio waliokuwa wamebaki na mengi. Sasa mitihani yetu inakuja baada ya wiki nyingi. Kusoma notisi mara 4 huku umeshika kalamu ya rangi kunakupa raha ya kudhani unajua.

Fanya hivi: soma kurasa 3, funga daftari, andika kwenye karatasi chakavu kila unachokumbuka, fungua uone umeacha nini. Yale uliyoyaacha ndiyo ya kurudia kesho, kisha baada ya siku 3, kisha wiki. Watu 3 au 4 mkiulizana maswali kwa dakika 40 mnapata zaidi ya kundi la watu 12 linalokesha likisomeana kwa sauti.

Hesabu za dawa zifanye kila siku, hata moja tu. Ziko za aina chache na hazibadiliki. Mfano: daktari ameandika lita 1 ya maji kwa saa 8, na seti ya dripu inatoa matone 20 kwa mililita. Zidisha 1000 kwa 20 upate 20,000. Geuza saa 8 kuwa dakika, ni 480. Gawanya: 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Halafu ukiwa wodini, simama mbele ya dripu halisi, shika saa na uhesabu. Hesabu ya namna hii ukiijua huibiwi alama, kwa sababu jibu haliangalii uso wa mtu.

Hatua ya tano: usimpe cha kukushikia

Mkufunzi mkali anaanzia kwenye vinavyoonekana: muda, sare, kucha, viatu, logibuku (kitabu cha kusainiwa prosija). Hivi vyote viko mikononi mwako.

Huku kwetu sare ni kazi yenyewe. Tukuyu mvua zikishika, hasa mwezi wa 3 na wa 4, nguo nyeupe inaweza kukaa kwenye kamba siku 2 ikiwa bado mbichi. Uwe na seti 3 kama nyumbani wanaweza, au 2 na uzifue kwa zamu. Fua ukitoka zamu hiyohiyo, usingoje jioni. Ikamue, izungushe ndani ya taulo kavu uikanyage, kisha itundike ndani karibu na dirisha, isigusane na nyingine. Asubuhi pasi inamalizia pindo na mifuko. Umeme ukikatika, pasi ya mkaa ya mama wa jirani na chuo inaokoa, ila pitisha kwanza juu ya kitambaa kingine, jivu lisije likakuharibia. Kuanzia mwezi wa 6 baridi ya Mbeya, Iringa na Njombe inauma sana alfajiri. Vaa fulana ya joto ndani ya sare. Sweta ulivue kabla ya kumgusa mgonjwa, na mikono iwe wazi hadi kwenye kiwiko.

Logibuku isainiwe siku uliyofanya prosija. Kuna wanafunzi wanaongoja wiki ya mwisho na kumfuata muuguzi na prosija 30 za kusaini. Hatakumbuka, na akikumbuka hatapenda. Ukimaliza kufunga kidonda, osha mikono, andika, mpe asaini kabla hajaondoka. Kisha piga picha ukurasa huo kwa simu, bila jina la mgonjwa kuonekana. Logibuku hupotea, na kuna wakufunzi wanaosema hawakuiona.

Hatua ya sita: nenda ukaongee naye

Wanafunzi wengi huogopa hatua hii wakairuka, wakaenda moja kwa moja kwa mkuu wa chuo. Mkuu atakuuliza kwanza: "Umeongea naye?" Kwa hiyo nenda, hata kama miguu inatetemeka.

Usimfuate akitoka darasani amekasirika, wala usimkabili mbele ya wenzake. Omba muda. Nenda ukiwa umevaa nadhifu na karatasi mkononi, na uende na jambo moja tu, lenye namba:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani mwalimu, naomba dakika 10 zako, leo au siku itakayokufaa. Jaribio la famakolojia nimepata 38. Nimepitia karatasi yangu; swali la 2 na la 5 sijaelewa nilipotezea wapi. Naomba unielekeze."

Angalia ombi hilo lilivyokaa. Hakuna "umenionea", hakuna "wenzangu wanasema". Kuna namba, kuna kazi uliyoifanya kabla ya kuja, na kuna kitu anachoweza kukupa. Mkali wa kazi atalainika hapo, na anaweza kukukalisha nusu saa. Asiye na mpangilio huenda akagundua amejumlisha alama vibaya, jambo ambalo limewahi kutokea mbele yangu. Ukitoka, andika kwenye daftari lako tarehe na mliyokubaliana, kisha umtumie ujumbe mfupi: "Asante mwalimu kwa muda wako leo. Nitarudia maswali ya 2 na 5 na kukuletea Alhamisi kama ulivyoniagiza." Na Alhamisi umpelekee kweli.

Ukikaripiwa wodini mbele ya mgonjwa, usijibizane hapo. Mgonjwa ndiye anayeumia, anaanza kuogopa mikono yako. Sema tu, "Nimekusikia mwalimu, naomba nirudie mbele yako," na urudie. Kama maneno yalivuka mipaka, subiri mtoke kwa mgonjwa. Baada ya zamu mwombe muda: "Mwalimu, kosa langu nimeliona na nimelirekebisha. Lile neno ulilonitamkia mbele ya mgonjwa limeniumiza, naomba ukinisahihisha uniite pembeni." Sema taratibu, macho yakiwa juu. Mara nyingi mtu anayesikia hivyo kwa heshima hupunguza. Asipopunguza, umeshatimiza sehemu yako, na unahamia hatua inayofuata ukiwa na haki yote.

Kwa yule asiye na mpangilio, darasa liongee kwa mdomo mmoja kupitia kiongozi wa darasa. Kila tarehe anayoitamka darasani, kiongozi aiandike kwenye kundi jioni hiyo: "Mwalimu, tumeelewa jaribio ni tarehe 14, sura ya 3 hadi 6. Kama tumekosea tunaomba uturekebishe." Akibadilisha, yapo maandishi.

Hatua ya saba: ukilazimika kulalamika

Fuata ngazi. Anza na kiongozi wa darasa au serikali ya wanafunzi, kisha mlezi wa wanafunzi, kisha mkuu wa taaluma, kisha mkuu wa chuo. Kila ngazi peleka barua ya ukurasa mmoja, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa au picha yake. Ndani ya barua weka matukio 3 au 4 kutoka kwenye lile daftari lako, kwa tarehe, na mashahidi kama wapo. Malizia na unachoomba: karatasi isahihishwe na mkufunzi mwingine, upangiwe mwelekezi mwingine wodini, lugha ile ikome. Barua isiyo na ombi hukaa kwenye faili.

Kama shida ni alama, soma kanuni za mitihani za chuo chako uone rufaa inakatwa ndani ya siku ngapi tangu matokeo yatoke. Siku hizo huwa chache, na zikipita hakuna wa kukusikiliza hata ukiwa na haki.

Usirekodi sauti ukairusha mitandaoni, na usimwandike kwenye makundi. Nimeona kesi nzuri ya mwanafunzi ikigeuka kuwa kesi ya nidhamu dhidi yake kwa sababu ya ujumbe mmoja uliosambazwa usiku.

Akitaka mwili wako au pesa zako

Hapa hakuna kwenda kuongea naye, na hakuna ngazi ya kusubiri. Mkufunzi, mwelekezi au mtumishi yeyote anayekudai ngono ili upate alama, saini au nafasi anatenda kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inalitaja. Ofisi za TAKUKURU zipo mikoani, na namba yao 113 ni bure. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kituo cha polisi. Tunza ujumbe wote aliokutumia, usifute hata mmoja, na usiende popote anakokuita peke yako, iwe ofisini jioni au mjini "kuchukua karatasi". Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo. Sare ya uuguzi unayoivaa haikufanyi uwe mali ya mtu, na kosa hilo ni lake peke yake.

Anayeomba pesa ya saini anaripotiwa palepale pia.

Hatua ya nane: mwili wako nao uko kwenye ratiba

Baada ya zamu ya usiku lala kwanza, hata kama kuna asaimenti. Funga pazia, zima simu, lala kwa muda wa saa 5 au 6, kisha usome. Aliyekesha akisoma juu ya zamu ya usiku anakosea hesabu ya dawa, na hapo hatuongelei tena alama. Kula kabla ya kuingia wodini. Viazi vya kuchemsha na parachichi huku kwetu havina gharama kubwa na vinakufikisha mchana. Chai tupu na andazi vitakuangusha kabla raundi haijaisha.

Usingizi ukikataa wiki 2 mfululizo, ukawa unalia bila sababu, hamu ya chakula imekata, au wazo la kutotaka kuishi limepita hata mara moja tu, usijitibu kwa maombi peke yake wala kwa dawa za rafiki wa famasi. Nenda kwenye huduma za afya ya akili hospitalini, hata hapohapo unapofanyia mazoezi. Ukiona aibu kukutana na unaowafahamu, nenda hospitali ya jirani. Kama ni wazo la kutotaka kuishi, usibaki peke yako usiku huo. Amsha mwenzako wa chumba. Sisi tunaofanya kazi humo hatukuchukulii kuwa dhaifu. Tunakuona mgonjwa kama wengine, na tunajua dawa na mazungumzo vinasaidia.

Ukipata sapu (mtihani wa marudio)

Matokeo yakitoka na kuna somo limekwama, siku hiyohiyo fanya mambo matatu. Kwanza, nenda ofisi ya taaluma uulize tarehe ya sapu na kiasi cha malipo, uandike. Pili, piga simu nyumbani uwaambie wewe mwenyewe kabla hawajasikia kwa mtoto wa jirani: "Baba, somo moja nalirudia mwezi wa 9, nahitaji nibaki chuoni wiki 2." Wazazi wa huku wengi wanauza viazi, mahindi au parachichi ili ada ipatikane, ukweli wa mapema unawasaidia kujipanga, na unakuondolea wewe mzigo wa kuficha. Tatu, omba kuonana na mkufunzi wa somo hilo, hata kama ni yeye uliyemwogopa muhula mzima, umuulize sehemu ipi ilikuangusha.

Kisha rudi wodini kama mwanafunzi wa kujitolea siku mbili kwa wiki, ukiwa na barua ya chuo. Kama somo lililokwama ni ukunga, omba leba. Kama ni famakolojia, omba kushika trei ya dawa pamoja na muuguzi wa zamu, na kabla ya kila dawa kutoka, umtajie kwa sauti inaitwaje, inafanya nini, dozi yake ni ipi, na nini kinaweza kuharibika. Kwa wiki 2 utakuwa umezitaja zile dawa mara nyingi kuliko maswali yote yaliyomo kwenye karatasi ya sapu.